Mwanamke Aliyekataa Kusema "Hayumo"

Kabla ya kufungua kitabu chochote, Voahirana alinawa mikono. Alinawa kwa kipande cha sabuni, akajifuta kwa kitambaa ambacho hakuna mtu mwingine katika ofisi ya kata ya Ankadisoa aliyethubutu kukigusa, kisha akaketi na kungoja vidole vikauke kabisa. Wenye haraka zao walikereka.

"Ramatoa, unakwenda kusoma au unakwenda kula?" mchuuzi mmoja wa nguruwe aliwahi kumuuliza, akimwita Bibi kwa lugha ya kwao, mdomo umejaa kitumbua.

"Humu ndani wamelala babu zako," alijibu bila kuinua kichwa. "Ungependa niwashike kwa mafuta ya vitumbua?"

Kicheko kikawageukia wenye haraka. Lakini yeye hakuwa anatania. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amevitunza vitabu vya kata ile: vya vizazi, vya ndoa, vya vifo, na vijitabu vya kuhesabia watu ambavyo Wafaransa, enzi za utawala wao, waliviandika kila baada ya miaka michache ili wajue nani wamtoze kodi ya kichwa na nani wamchukue kwa kazi ya shuruti. Vilianzishwa kwa nia mbaya, vingi kati ya hivyo. Voahirana alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale. Alisema tu kwamba nia ya aliyeshika kalamu imekwisha kuzikwa naye, na majina yamebaki kuwa ya wenyewe.

Alikuwa na desturi moja ambayo makarani wenzake waliicheka. Mtu akija kutafuta jina na jina lisionekane, Voahirana hakusema "hayumo." Alisema, "Sijamwona bado."

Desturi hiyo haikuanza bure. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuja mzee yatima, ametembea siku mbili, anataka kitu kimoja tu: kulijua jina la mama yake kabla hajafa. Voahirana alipekua kitabu cha mwaka ule mara moja, akakifunga, akamwambia, "Hayumo, mzee wangu." Mzee akashukuru, akavaa kofia yake, akaondoka. Miezi mitatu baadaye, akitafuta jambo jingine, alimkuta, siku na kijiji vikiwa vilevile alivyovitaja. Mzee alikuwa ameandikwa Ifako, yaani Takataka, kwa sababu ndugu zake watatu walikufa kabla yake, na wazazi walimpa jina baya ili kifo kimdharau na kumpita. Mama yake aliandikwa papo hapo, kwa herufi safi. Voahirana alilinakili jina lile, akatembea siku mbili kumpelekea mwenyewe. Alikuta udongo wa kaburi haujakauka.

Tangu siku hiyo neno "hayumo" halikutoka kinywani mwake. Wapo watu wanaokosea wakatafuta wa kumlaumu, na wapo wanaokosea wakabadilika. Hao wa pili ni wachache, na nchi husimama juu ya mabega yao.

Jumatatu moja ya Agosti mwaka 1996, baridi ya nyanda za juu ikiwa imeng'ata hata mbwa, aliingia ofisini mwanamke wa makamo mwenye kofia ya ukindu ya watu wa pwani ya mashariki. Hakuwa na sweta. Alisimama mlangoni kama mtu aliyezoea kuambiwa arudi kesho.

"Karibu ndani, ufunge mlango, baridi haina cheti," alisema Rabenja, karani mwenzake Voahirana, mtu mnene mwepesi wa maneno na mzito wa kazi.

Mwanamke alijitambulisha. Jina lake Marovavy, anatoka upande wa Manakara, kule reli inakoishia. Alikuwa amesafiri siku mbili na mifupa ya babu yake.

"Iko wapi?" Voahirana aliuliza.

"Nimeiacha nje ya kijiji, Ramatoa, upande wa magharibi, penye kibanda cha mnada wa ng'ombe. Mjomba wangu amekaa nayo. Najua mgeni wa namna ile haingii kijijini kabla hajakaribishwa."

Voahirana alipenda jibu lile. Akamwonyesha kiti.

Babu yake Marovavy aliitwa Rainisolo. Wafaransa walimchukua mwaka 1927 kwenda kujenga reli, na hakupata tena njia ya kurudi. Huko huko alioa, akazaa mabinti watano, akafa mwaka wa Uhuru. Kabla hajafa aliwaapisha wanawe: siku mtakapoweza, nirudisheni Ankadisoa, nikalale na baba yangu Rafiringa. Mabinti wanne walikufa bila kuweza. Wa tano, mama yake Marovavy, alikuwa mgonjwa kitandani, na alikuwa amemwambia bintiye kwamba hatakata roho kabla ya kupata habari ya kaburi.

"Nimekwenda kwa mzee Ralaivao," Marovavy alisema. "Yeye ndiye mwenye ufunguo wa kaburi la Rafiringa. Amenifukuza."

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mama yake, mwaka 1934, kutoka kitabu cha huko pwani. Baba: Rainisolo, kibarua wa reli, amezaliwa Ankadisoa mnamo 1900, mwana wa Rafiringa.

Voahirana aliisoma mara mbili, akaenda kunawa mikono.

Hakuwa amefika kwenye kabati pale mlango ulipofunguka tena, na mzee Ralaivao mwenyewe akaingia, shuka jeupe begani, fimbo mkononi, miaka yake sitini na minane imemkalia wima kama nguzo. Alikuwa amemfuata mgeni.

"Nilijua atakuja hapa kukulilia," alisema. "Voahirana, binti yangu, usipotezewe siku. Rafiringa ni babu yangu mzaa baba. Alikuwa na wana watatu. Wawili wako kaburini, mmoja wao baba yangu. Wa tatu ni Ikotomavo, alichukuliwa na reli akafia huko. Rainisolo hatumjui."

"Huenda Ikotomavo ndiye Rainisolo, baba," Marovavy alisema kwa sauti ndogo.

"Usiniite baba kabla hatujajuana!" Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Rainisolo maana yake nini? Si Baba Solo? Mtu hujiita Baba Solo kwa sababu ana Solo. Ikotomavo hakuacha mtoto hapa. Mkewe alirudi kwao mikono mitupu, akaolewa kwingine. Na huko kwenu, yupo Solo?"

"Hayupo," Marovavy alikiri. "Mama zetu ni mabinti watupu. Tulimuuliza babu mara nyingi, Solo ni nani? Alikuwa ananyamaza."

"Umesikia? Baba Solo asiye na Solo! Huyo alikuwa kibarua tu, akasikia jina la mtu mwenye kaburi kubwa, akamwambia karani 'mimi ni mwana wa Rafiringa.' Karatasi inasema kile ilichoambiwa. Watu wasio na kaburi wako wengi, Ramatoa, na wote wanatafuta la kuazima."

Neno hilo la mwisho lilikuwa tusi. Katika nchi ile, kumwambia mtu hana kaburi ni kumwambia kwamba babu zake waliuzwa na kununuliwa kama ng'ombe. Marovavy aliinamisha kichwa. Rabenja aliangalia dari. Voahirana hakuangalia dari.

"Mzee Ralaivao," alisema, "kama babu wa huyu hakuwa na kaburi, aibu ni ya waliomnyang'anya, si yake. Lakini hilo si swali la leo. Niambie swali lako ni lipi, nilitafutie jibu."

Mzee aliegemea fimbo yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlinzi wa mlango, na walinzi wa milango huzoea kudhani kwamba wema wao uko katika kufunga.

"Nionyeshe Solo," alisema. "Nionyeshe kwamba Ikotomavo, mwana wa Rafiringa, alimzaa Solo kabla reli haijamchukua, na nitakuwa wa kwanza kumbeba huyo marehemu. Jumamosi adhuhuri tunafungua kaburi kuwabadilisha wazee sanda. Mwaguzi anayetazamia siku njema ameshasema. Jumapili tunaziba kwa udongo, na halifunguliwi tena miaka saba."

Akaondoka. Mama yule mgonjwa wa pwani hakuwa na miaka saba.

Jumatatu yote iliyobaki na Jumanne nzima Voahirana alisoma. Alisoma vitabu vya vizazi tangu 1918 hadi 1927, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa vya zamani vilifuata siku ya kuandikishwa wala si herufi za majina. Aliwakuta akina Solo wanne, kila mmoja na baba yake, na hakuna baba aliyekuwa Ikotomavo. Kitabu cha mwaka 1925 kilikuwa kimeloa wakati wa kimbunga cha 1959, na nusu yake ilikuwa imegandamana kama andazi. Hicho hakikumwambia chochote.

Jumatano asubuhi alifungua kijitabu cha sensa ya 1926. Nyumba ya Rafiringa ilikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Rafiringa, mkewe, wanawe wakubwa wawili na watoto wao, kisha: Ikotomavo, miaka 25, mlimaji. Rasoavelo, mkewe. Watoto: kistari kimoja cha wino.

"Basi," Rabenja alisema, akichungulia juu ya bega lake. "Hayumo."

"Sijamwona bado."

"Ramatoa, kistari hicho hukioni? Mzungu mwenyewe kasema hakuna!" Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, dada. Mama wa watu anafia kitandani. Mifupa inalala penye mavi ya ng'ombe. Kitabu cha 1925 kimeharibika nusu, hakuna anayeweza kukisoma. Chukua karatasi, andika: Solo, mwana wa Ikotomavo. Gonga mhuri. Nani ataumia? Mzee atafurahi, mgeni atafurahi, hata mfu atafurahi. Mungu mwenyewe atageuka upande."

Lazima isemwe kwamba Voahirana hakukasirika. Alikuwa amemwona Marovavy asubuhi hiyo akitetemeka nje kwa baridi, akampa sweta lake mwenyewe. Alitamani sana jambo lile liishe. Na hapo ndipo mtu hujulikana. Kwa kuwa kusema uongo kwa ajili ya tumbo lako ni wizi wa kawaida, lakini kukataa kusema uongo kwa ajili ya huruma ni kazi nzito, na wengi waadilifu wameangukia hapo.

"Rabenja," alisema, "nikimwandika mtoto mmoja ambaye hakuwepo, wote niliowaandika hawatakuwepo tena. Na mama yako yumo humu, na wewe umo humu. Utaniamini vipi?"

Rabenja alirudisha kiti chake mahali pake.

Mchana huo Voahirana alimwita Marovavy waje kula pamoja katika chumba cha nyuma: wali, mboga za majani, na maji ya moto yaliyochemshiwa kwenye ukoko wa sufuria. Watu wawili wakila kutoka chungu kimoja hawawezi kukaa kimya, na kutafuta majina ya wafu ni kazi ambayo nusu yake ni kusikiliza. Alimuuliza Marovavy babu yake alikuwa mtu wa namna gani.

"Mimi nilikuwa mdogo, Ramatoa. Mama ndiye anajua. Alikuwa mpole. Mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili, vilibaki relini. Hakupenda kelele." Akacheka kidogo. "Na alikuwa na mambo yake. Kila akipita penye kinamasi, penye matete, anavua kofia. Hata kama kuna mvua. Watu wa kwetu walikuwa wanamcheka: 'Baba Solo anawasalimia vyura!' Sisi tulidhani anaogopa majini."

Kijiko cha Voahirana kilisimama njiani.

"Anavua kofia," alisema.

"Ndiyo. Na hasemi kitu. Anavua, anapita, anavaa."

Njia ya kutoka nyumbani kwa Voahirana kuja ofisini ilipita kando ya bonde la mpunga, na mwisho wa bonde palikuwa na matete. Kwa miaka thelathini na mitatu, kila alipofika pale alishusha shuka kutoka kichwani hadi mabegani, akapita, akalipandisha tena. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini, kwa kuwa watu wa Ankadisoa walijua, na walijua pia kwamba jambo lile haliulizwi.

Mtoto anayekufa kabla ya kuota meno huitwa mtoto wa maji. Haingii kaburini mwa ukoo. Hawekewi sanda ya hariri, halitolewi neno, hachinjiwi ng'ombe. Huzikwa siku hiyohiyo penye udongo wa baridi, karibu na matete, na mama yake huambiwa asilie, maana mvua itakataa kunyesha. Jina lake haliitwi tena. Na kwa kuwa haliitwi, haliwezi kumpa mtu ubaba wala umama.

Voahirana alizaa mara moja tu. Mtoto wa kike, Mihary. Aliishi siku kumi na moja. Mume alikataa kwenda kumwandikisha: "Utaandikaje maji?" Basi alikwenda mwenyewe, maziwa yanavuja nguoni, na karani mzee wa wakati ule akamuuliza swali lile lile. Alisimama mbele ya meza yake hadi alipochovya kalamu. Kizazi, ukurasa mmoja. Kifo, ukurasa mmoja. Miaka miwili baadaye, karani yule alipotafuta msaidizi mwenye mwandiko mzuri na kichwa kigumu, alimkumbuka.

Alimweleza Marovavy hayo yote pale pale, juu ya wali unaopoa, kwa maneno machache kuliko haya. Kisha akasimama.

"Nimetafuta mahali pasipostahili," alisema. "Nimemtafuta Solo miongoni mwa wanaozaliwa. Babu yako alikuwa akimvulia kofia miongoni mwa waliokufa."

Kitabu cha vifo cha 1925 na cha 1926 vilikuwa kabati moja na vile vilivyoloa, chini kabisa, na hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Lakini sheria ya Wafaransa ilitaka kila kitabu kiandikwe mara mbili, nakala moja ibaki katani na ya pili ipelekwe mahakamani mjini. Alhamisi alfajiri alichukua barua ya mwenyekiti wa kata akapanda gari la kwenda mjini, akamwachia Rabenja funguo kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Unawe mikono," alimwambia.

"Hata nikienda msalani nitanawa," Rabenja alijibu.

Mtunza nyaraka wa mahakama alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliisoma barua, akaigeuza, akaisoma tena.

"Vifo vya watoto wachanga? Mama, miaka sita niko hapa, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuviomba. Watu wanatafuta mashamba."

"Basi vitakuwa safi," Voahirana alisema. "Maji ya kunawa yako wapi?"

Vilikuwa safi kweli. Vilikuwa safi kama vitu ambavyo havijaguswa na mkono wa mtu kwa miaka sabini. Aliusoma mwaka 1925 wote na hakumwona. Saa saba mchana kijana akaja kusema ofisi inafungwa kwa chakula. Alimkuta mwanamke yule amesimama, hajaketi, kidole kimesimama hewani juu ya ukurasa bila kuugusa.

Tarehe kumi na tisa Januari 1926. Amefika mbele yetu Ikotomavo, mlimaji, mwana wa Rafiringa, akatutangazia kwamba Solo, mtoto wa kiume wa miezi minne, aliyemzaa na mkewe Rasoavelo, amefariki jana. Mtangazaji hajui kuandika, ameweka alama. Na hapo palikuwa na msalaba, umechorwa kwa kukandamizwa hadi karatasi imechanika kidogo.

Alikwenda mwenyewe. Mwaka ule ambapo kila mtu alimwambia ni maji, na hakuna mke aliyemsukuma wala askari aliyemwita, mlimaji asiyejua kusoma alitembea hadi ofisini kwa wazungu aliowaogopa, ili mtoto wake awe mahali fulani. Mwaka uliofuata reli ilimchukua. Na huko ambako hakuna aliyejua desturi za kwao, karani alipomuuliza jina, alijipa lile ambalo kijiji kilimnyima.

Chini ya msalaba palikuwa na sahihi ya shahidi. Voahirana aliisoma, akafumba macho kidogo.

"Kijana," alisema, "mashine ya kutoa fotokopi iko wapi? Ukinisaidia upesi nitakuombea dua. Ukichelewa nitakuombea pia, lakini nyingine."

Ijumaa adhuhuri walikwenda watatu hadi uani kwa mzee Ralaivao: Voahirana, Marovavy, na Rabenja aliyesema anakwenda kushuhudia tu. Ua ulikuwa umejaa jamaa waliokuja kwa sherehe. Sanda mpya za hariri zilikuwa zimetandazwa juu ya mikeka, wanawake wakizikagua kwa vidole. Mzee aliketi katikati.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nimemwona." Akamsomea. Alipofika kwenye "miezi minne," mnong'ono ulipita uani, na mama mmoja mzee akaweka kiganja kinywani.

"Mtoto wa maji," mzee alisema polepole. Kisha sauti yake ikakaza. "Mtoto wa maji hampi mtu jina, Voahirana. Unajua hivyo. Unajua kuliko wote hapa. Niliposema Solo, nilimaanisha mtoto aliyeota meno."

"Uliniambia nikuonyeshe kwamba Ikotomavo alimzaa Solo. Hukusema juu ya meno."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

"Na karatasi husema ilichoambiwa," mzee alisisitiza. "Karani anaweza kuandika lolote."

"Kweli. Ndiyo maana huitwa shahidi." Alimpa fotokopi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. "Mimi sijui mwandiko huu, mzee. Pengine wewe unaujua."

Ralaivao aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu. Shahidi: Ralaitsoa, mwalimu wa dini, kaka wa mtangazaji. Herufi ya R ilikuwa na mkia mrefu uliopita chini ya jina zima na kurudi juu kama ndoana. Mkono ule ule uliandika majina ya ndoa na vizazi katika Biblia ya nyumba ile, ambayo mzee aliisoma kila Jumapili ya maisha yake.

"Baba," alisema.

Akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Baba alikuwepo. Alikwenda naye." Alipitisha dole gumba juu ya mkia ule wa herufi. "Na hakuniambia. Miaka yote ile tukipita kule bondeni, hakuniambia."

"Haikuruhusiwa kusemwa," Voahirana alisema. "Ila iliruhusiwa kuandikwa."

Mzee akainuka bila fimbo. Akaenda hadi aliposimama Marovavy, akamtazama usoni, kwa aibu ya mtu mzima ambayo haina mahali pa kujificha.

"Nilikukataza kuniita baba," alisema. "Sasa nakuomba."

Marovavy alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Rabenja, aliyekuja kushuhudia tu, alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti na kulaumu moshi.

Wanaume sita walikwenda hadi kibanda cha mnada kumchukua Rainisolo, wakimwita kwa jina hilo. Jumamosi adhuhuri mlango wa jiwe ulisogezwa. Akavishwa hariri, akalazwa upande wa kushoto wa baba yake, katika nafasi ambayo ilikuwa wazi miaka yote na ambayo watu walidhani mjenzi alikosea vipimo.

Mwenye kaburi hutoa hotuba kabla mlango haujarudishwa. Katika hotuba ile kila anayeshukuriwa lazima atajwe kwa jina lake kamili na la heshima, maana wafu wanasikiliza. Ralaivao aliwashukuru wazee, akawashukuru jamaa, akamshukuru mgeni aliyebeba babu yake siku mbili. Kisha akasita, akageuka kumtafuta Voahirana, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa pamoja na majirani.

"Na huyu binti yetu wa vitabuni," alisema. "Tumezoea kumwita Ramatoa, na Ramatoa ni kila mwanamke. Binti yangu, tukutaje kwa jina gani?"

Uwanja mzima ulikuwa ukimtazama. Angeweza kusema Voahirana, na hotuba ingeendelea.

"Renimihary," alisema. Mama Mihary.

Wazee waliangaliana. Wapo waliotazama chini. Jina lile halikuwa limetamkwa Ankadisoa kwa miaka thelathini na mitatu, na kaburi lilikuwa wazi.

Mzee Ralaivao alinyoosha mgongo, akaligeukia lango la jiwe, akatangaza kwa sauti iliyofika hadi mateteni kule bondeni, kwamba ukoo wa Rafiringa unamshukuru Renimihary.